Ubunifu Usihame na Gavana

Neno "ubunifu" limekuwa tamu mno vinywani mwa viongozi wetu. Ni nadra siku hizi kusoma mpango wa maendeleo wa kaunti ambamo halikutajwa, na ni nadra kuhudhuria mkutano ambapo msemaji hakuwahimiza watumishi wa umma wawe wabunifu. Hata hivyo, mtu akitoka mkutanoni akaenda hadi Kisegi, katika pembe hii ya Homa Bay na Migori, akamwuliza mwalimu wa chekechea, mchuuzi wa dagaa au karani wa wadi ni jambo gani jipya ambalo serikali yao ililibuni na likadumu miaka kumi, yamkini atasubiri jibu kwa muda mrefu.

Wapo wanaodhani kuwa ukimya huo ni dalili ya upungufu wa akili au wa elimu. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Watu wenye mawazo tunao, na wengine wao wamekaa katika ofisi hizo hizo tunazozilaumu. Kinachokosekana ni desturi ya kuyajaribu mawazo hayo kwa kiasi, kuyapima kwa haki, na kuyahifadhi ili yasitoweke siku mwenyewe anapohamishwa au anaposhindwa katika uchaguzi. Hiyo ndiyo hoja ninayotaka kuitetea leo, na nawaelekezea hasa walimu na wanafunzi, kwa sababu ambazo zitadhihirika kadiri tunavyoendelea.

Ni vyema tuanze na historia, kwa kuwa tabia ya ofisi haizuki hivi hivi. Kenya ilipopata uhuru mwaka wa 1963, mabaraza ya kaunti yalikuwa na kazi nzito. Yaliendesha shule za msingi, zahanati na barabara za mashambani. Mwaka wa 1969 Bunge lilipitisha sheria iliyoyapokonya mabaraza hayo majukumu hayo matatu na kuyakabidhi kwa serikali kuu, na baada ya hapo diwani wa mashambani akabaki kusimamia masoko, ada na leseni. Hata katika hayo machache hakuwa huru. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa, ile maarufu kwa jina la Sura ya 265, sheria ndogo ya baraza haikuwa na nguvu mpaka waziri aliyeko Nairobi aiidhinishe.

Tafakari, msomaji, ni funzo gani alilopata karani wa baraza kwa zaidi ya miaka arubaini. Alijifunza kwamba anayesubiri idhini halaumiwi, na anayetangulia hujitakia balaa. Mfumo wenyewe ulimfunza hivyo, nao ulimfunza vizuri. Ndiyo maana nashangaa tunapotarajia kwamba hotuba moja ya gavana, au semina ya siku mbili hotelini, itafuta mafunzo ya muda mrefu namna hiyo.

Majaribio ya kurekebisha hali hiyo yalikuwepo. Sheria ya mwaka wa 1998 iliyapatia mabaraza asilimia 5 ya kodi ya mapato ya taifa, na kuanzia mwaka wa 2001 mabaraza yalitakiwa kuwaita wananchi ili wachague miradi wanayoitaka. Kwa wakati wake, hatua hiyo ilikuwa kubwa. Kisha ikaja Katiba ya mwaka wa 2010, na baada ya uchaguzi wa Machi 2013 mabaraza ya zamani yakazikwa, kaunti 47 zikazaliwa. Jedwali la Nne la Katiba liliziachia kaunti afya, kilimo, uvuvi, masoko, vyuo vya ufundi vya vijijini na elimu ya chekechea. Mengi ya yale yaliyochukuliwa mwaka wa 1969 yakawa yamerudi mashinani, na mengine juu yake.

La kusikitisha ni kwamba mamlaka yalirudi lakini desturi ya kungoja haikuondoka. Ilichofanya ni kuhama makao. Zamani karani alimngoja waziri wa Nairobi. Leo afisa wa wadi humngoja waziri wa kaunti, na waziri wa kaunti humngoja gavana. Gavana naye akija na wazo, hata likiwa jema, huitwa wazo la gavana, hupakwa rangi za gavana, na muhula wake ukiisha huondoka naye. Mrithi wake haoni fahari yoyote kuendeleza kitu kilichobandikwa jina la mtu mwingine. Tunaanza upya kila miaka mitano, au kila miaka kumi, kana kwamba hapakuwa na mtu kabla yetu.

Lakini je, ni kweli kwamba watu wa ukanda huu wa ziwa hawakupata kuona ubunifu wa utawala uliodumu? Hasha. Wameuona katika fuo zao. Mwishoni mwa miaka ya tisini, nchi tatu zinazomiliki Ziwa Victoria zilitambua kwamba maafisa wa uvuvi wachache hawawezi kulinda ziwa zima dhidi ya nyavu haramu. Likaja wazo kwamba wavuvi wenyewe wapewe sehemu ya usimamizi. Zikaundwa kamati za usimamizi wa fuo, na nchini Kenya zikapewa kanuni zake za kisheria mwaka wa 2007. Sheria ya uvuvi ya mwaka wa 2016 nayo ikazitambua.

Tazama jinsi kamati hizo zilivyopangwa. Mwongozo uliokubaliwa na nchi hizo tatu ulitaka kamati iwe na watu kati ya 9 na 15. Asilimia 30 wawe wenye mashua, asilimia 30 wawe wavuvi vibarua wasiomiliki chombo, asilimia 10 wawe wachuuzi wa samaki, na waliobaki wawe watu wengine wanaoishi kwa kazi ya ufuoni. Aidha, wanawake wasipungue watatu. Aliyeandika hayo alifahamu ufuo vizuri. Alijua kwamba mwenye mashua na kibarua wake hawana maslahi sawa, na kwamba mama anayenunua dagaa akiachwa nje ya kikao, bei itapangwa bila yeye.

Sisemi kwamba kamati hizo hazina dosari. Mahali pengi fedha ni haba, na pengine mwenye mashua nyingi ndiye mwenye sauti kubwa hata kanuni iseme nini. Pamoja na hayo, zimepita serikali kadhaa, ukapita hata mfumo mzima wa mabaraza, na kamati za fuo zingalipo. Kwa nini zikadumu ilhali mambo mengine mengi yalipeperuka? Kwa maoni yangu ni kwa sababu tatu. Zilijibu shida ambayo kila mtu aliiona. Ziliandikwa katika sheria, hazikuachwa zitegemee hisani ya mkubwa. Na wenye kuzihitaji walikuwa ndani yake, si nje.

Tukitoka ziwani twende Makueni, tutakuta mambo yanayofanana na hayo. Chini ya Gavana Kivutha Kibwana, aliyeongoza kaunti hiyo kuanzia 2013 hadi 2022, wananchi walijadili bajeti kuanzia kijijini, wakapanda hadi wadini na hatimaye kaunti. Kila mradi ukawa na kamati ya wananchi, na mwanakandarasi hakupaswa kulipwa kabla kamati hiyo haijatia sahihi kuwa kazi imekamilika. Mwaka wa 2016 kaunti hiyo ikaanzisha mpango wa matibabu ambapo familia ililipa shilingi 500 kwa mwaka na kuhudumiwa katika hospitali za kaunti. Makueni si kaunti tajiri, na ukame ni mgeni wake wa kila mara. Haikuhitaji mtambo wowote wa ajabu ili kumpa mwanakijiji kalamu ya kukataa jengo lenye nyufa.

Nalisisitiza hili kwa sababu baadhi ya viongozi wetu wanauchukulia ubunifu kuwa ni ununuzi. Wakisikia neno hilo, fikira zao hukimbilia kompyuta, programu na vishikwambi. Vyombo hivyo vina manufaa yake, wala sivibezi. Lakini huko Curitiba, nchini Brazili, mwaka wa 1991 wakuu wa mji waliokuwa wakitatizwa na taka za mitaa ya mabanda, ambamo magari ya kuzoa taka hayakuweza kupita, walibuni njia rahisi: mkazi akileta kilo 4 za taka zinazoweza kutumika tena, hupewa kilo 1 ya matunda na mboga zilizonunuliwa kwa wakulima wa karibu. Mitaa ikasafishwa, familia zikala, na wakulima wakapata soko. Kilichohitajika hapo ni afisa aliyeruhusiwa kufikiri.

Brazili hiyo hiyo inatupa onyo. Mji wa Porto Alegre ulianza mwaka wa 1989 kuwaachia wakazi waamue sehemu ya bajeti yao, na sifa zake zikaenea duniani kote. Lakini vyama vilivyotawala vilibadilika, hamu ikapungua, na mwaka wa 2017 utaratibu huo ukasimamishwa. Ikiwa jambo lililosifiwa na ulimwengu mzima laweza kuzimika namna hiyo, seuze mradi wetu ambao hata gazeti halijauandika?

Hebu sasa nitaje vizuizi ambavyo, kwa maoni yangu, tunapaswa kuviondoa.

Kizuizi cha kwanza ni woga wa ukaguzi. Afisa anayetumia fedha zote kwa njia ya zamani isiyofaa hasumbuliwi na mtu, maadamu stakabadhi zake zimetimia. Anayejaribu njia mpya akakosea kidogo huitwa ajieleze. Kwa hiyo mwenye busara ya kulinda kazi yake huchagua kushindwa kwa utaratibu. Hapa naomba tuisome Katiba upya. Kifungu cha 229 kinataka ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ithibitishe kama fedha za umma zilitumika kwa mujibu wa sheria na pia kwa njia iliyoleta tija. Kumbe sheria yenyewe inauliza maswali mawili, nasi tumezoea kujibu moja tu.

Kizuizi cha pili ni kuanza na jambo kubwa mno. Mradi hutangazwa kwa kaunti nzima siku ya kwanza, na ukiyumba hakuna anayethubutu kukiri. Walimu mnaijua njia iliyo bora. Kabla mpango wa Tusome haujaingia katika madarasa ya chini ya shule za msingi za umma kote nchini mwaka wa 2015, ulitanguliwa na jaribio lililoanza mwaka wa 2011 katika shule teule. Watoto walipimwa kusoma, madarasa yakalinganishwa, na kilichosaidia kikabainika: kitabu kwa kila mtoto, mwongozo kwa mwalimu, na afisa wa mtaala anayeketi darasani kusaidia. Ndipo ukapanuliwa. Ni kwa nini basi idara ya kaunti isifanye vivyo hivyo? Chukua suala la dagaa. Wanaoanikwa mchangani huchanganyika na uchafu, mvua ikinyesha huoza, na sehemu kubwa ya dagaa wa ziwa huishia kuwa chakula cha mifugo. Vichanja vya kuwaanika juu ya ardhi vinajulikana. Idara ingeweza kuvijaribu katika fuo mbili kwa msimu mmoja, ikalinganisha bei waliyopata akina mama wa huko na ile ya fuo nyingine mbili, kisha ikaamua kwa ushahidi kama inafaa kuendelea au kuacha.

Kizuizi cha tatu ni msingi dhaifu wa kisheria. Wanafunzi na wazazi walilionja hili Januari 2025, Msimamizi wa Bajeti alipozitaka kaunti zisitoe fedha za basari bila mkataba na serikali kuu, kwa kuwa elimu ya sekondari na ya vyuo vikuu ni jukumu la serikali kuu. Magavana walipinga na suala likafika mahakamani. Sitaki kuamua hapa nani alikuwa na haki. Ninalosema ni kwamba basari zilikuwa zimetolewa kwa miaka mingi na familia zikazitegemea, huku swali la msingi kuhusu mamlaka ya kuzitoa likiwa halijamalizwa. Nia njema iliyojengwa juu ya mchanga humtesa mnyonge siku mchanga unaposogea. Nyumba inayotarajiwa kudumu huanza kwa msingi.

Wapo watakaonipinga, na hoja yao si ya kupuuzwa. Watasema kuwa fedha za umma si za kuchezea, na kuwa ukiwapa maafisa ruhusa ya kujaribu, utakuwa umewapa wezi jina jipya la wizi. Nakiri kwamba hofu hiyo ina mizizi. Tumewahi kuona miradi iliyopewa majina mazuri ikizaa majengo matupu. Lakini dawa ya wizi ni uwazi. Kuendelea na njia iliyokwisha kushindwa si dawa. Kuna tofauti kati ya aliyeshindwa na aliyeiba, na serikali isiyoweza kuwatenganisha hao wawili itawaogopesha waaminifu na kuwaacha wezi, maana mwizi haogopi kukosea.

Pendekezo langu, kwa hiyo, ni hili. Kila idara ya kaunti itenge fungu dogo la majaribio, lililopitishwa na bunge la kaunti katika bajeti. Kila jaribio liwe na kikomo cha fedha na cha muda, na swali moja lililoandikwa wazi tangu mwanzo: tunataka kujua nini? Matokeo yaandikwe katika daftari la umma, mema na mabaya, na lisomwe bungeni kila mwaka. Afisa aliyefuata utaratibu huo asiadhibiwe kwa sababu wazo lilikataa. Lililofaulu liandikiwe sheria au kanuni ya kaunti, bila jina la mwanasiasa yeyote, ili gavana ajaye alikute kama anavyoikuta barabara.

Majirani zetu wa Rwanda, tangu mwaka wa 2006, huwatia viongozi wa wilaya sahihi kwenye ahadi za mwaka, zinazoitwa imihigo, na mwisho wa mwaka hupimwa hadharani. Kuna uzuri katika kupimwa. Lakini tuige kwa tahadhari, kwani panapokuwa na adhabu kali kwa anayeshindwa, takwimu nazo hujifunza kupendeza wakubwa. Daftari ninalolipendekeza litakuwa na maana tu ikiwa ukurasa wa yaliyoshindwa unaweza kuandikwa bila kutetemeka.

Nimesema kwamba nawaelekezea walimu na wanafunzi. Sababu ya kwanza ni kwamba chekechea na vyuo vya ufundi ni mali ya kaunti. Mtoto wa miaka minne anayeketi sakafuni Kisegi hana mwingine wa kumlilia isipokuwa serikali iliyo karibu naye kabisa. Sababu ya pili ni kwamba ninyi mnasoma, na bajeti ni kitabu kama vitabu vingine. Kwa mujibu wa sheria ya fedha za umma ya mwaka wa 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika bunge la kaunti kabla ya Septemba 1 kupita, waraka wa mikakati ya fedha ifikapo Februari 28, na makadirio ya bajeti ifikapo Aprili 30. Tarehe hizo zastahili kubandikwa katika ukuta wa ofisi ya walimu pamoja na ratiba ya mitihani.

Aidha, nyaraka hizo ni nene, na aghalabu huandikwa kwa Kiingereza ilhali Kifungu cha 7 cha Katiba kimeifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Hapa kuna ubunifu usiogharimu zaidi ya karatasi. Darasa la kidato cha tatu, chini ya mwalimu wao wa Kiswahili, laweza kufupisha bajeti ya wadi yao katika ukurasa mmoja, wakauandika kwa Kiswahili, Kidholuo na Kisuba, na kuubandika shuleni, sokoni na ufuoni. Mvuvi atasoma ni kiasi gani kilichotengewa ufuo wake. Mzazi atasoma kama darasa la chekechea lililoahidiwa limo au halimo. Nao wanafunzi watakuwa wamejifunza muhtasari, hesabu na uraia kwa pigo moja.

Kijana aliyefanya kazi hiyo shuleni, siku atakapoajiriwa kuwa msimamizi wa wadi au mhasibu wa kaunti, hatauona umma kuwa adui anayemvizia akosee. Atakuwa amezoea kuuliza swali, kutafuta ushahidi na kuandika jibu hata kama halimfurahishi. Wahenga walisema udongo upate ungali maji. Tabia ya kungoja ilifinyangwa kwa miaka arubaini na zaidi. Hii nyingine haitafinyangwa kwa hotuba, na gavana yeyote, awe hodari namna gani, hataweza kuifinyanga peke yake katika mihula miwili. Darasa laweza kuanza Jumatatu.